Kipimatetemeko cha Kujitengenezea Juu ya Mwamba wa Mwanza

Wanaojenga vituo vya kupimia matetemeko ya ardhi hutumia fedha nyingi kutafuta kitu kimoja, nacho ni mwamba. Huchimba udongo mpaka waufikie, wakamwaga zege juu yake, ndipo kifaa kikawekwa. Sisi wa Mwanza mwamba tumeukuta mlangoni. Panda Mabatini, Isamilo au Igogo uone nyumba zilivyoegemea majabali: jabali ndilo ukuta wa jikoni, jabali ndilo uwanja wa kuanikia nguo. Graniti hiyo ina umri unaopita miaka bilioni 2.5, na Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hupiga nalo picha ni ncha yake moja tu.

Tumekalia mali ambayo hatuitumii. Kipimatetemeko chenye uwezo wa kunasa mtikisiko uliotokea Uturuki au Indonesia kinatengenezeka hapa hapa mjini, kwa skwea paipu, waya wa shaba wa mota na sumaku za kompyuta mbovu. Wengi wanaonitembelea huuliza kwanza kina usikivu kiasi gani. Usikivu ni rahisi kuupata. Kinachomtoa mtu jasho ni kukipatia utulivu, na sehemu kubwa ya makala hii itakuwa juu ya hilo.

Nafundisha fizikia sekondari, na hamu hii ilinishika baada ya tetemeko la Kagera. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Ukubwa wake ulikuwa 5.9, na kitovu kilikuwa upande wa Nsunga, kina cha kama kilomita 40 chini ya ardhi. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia wakajeruhiwa, familia nyingi zikalala nje kwa kuogopa kuta zilizopasuka, na shule kongwe ya Ihungo pale Bukoba ikaharibika vibaya. Lilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Mwanza tuko zaidi kidogo ya kilomita 200 kutoka kitovu kile, na bado watu walitoka ndani wakiulizana kama ni lori limegonga ukuta.

Jioni ile simu zilijaa ujumbe, ukiwemo ule wa kutaja saa ambayo tetemeko kubwa zaidi lingekuja. Niseme waziwazi mapema: hakuna mtu wala mtambo duniani unaoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Kifaa ninachokieleza hapa hakitabiri chochote. Kinaandika kilichotokea, kwa uaminifu, na mwenye kujua kukisoma atajua mtikisiko umetoka umbali gani. Jumatatu wanafunzi walinijia na maswali mazuri kuliko yale ya mtihani: kwa nini Kagera? Kwa nini si sisi? Na je, sisi tuko salama? Nilichora ubaoni, lakini nikatamani wayaone yale mawimbi yenyewe.

Jibu la kwa nini Kagera liko kwenye ramani. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lina mikono miwili. Wa magharibi unapita Ziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na kushuka Rukwa. Wa mashariki unapita Kenya na kuingia kwetu kwa Natron na Manyara. Katikati yao limebaki bamba dogo la ardhi ngumu, ambalo wanajiolojia huliita bamba la Victoria, na vipimo vya setilaiti vimeonyesha kwamba linazunguka polepole mno kinyume cha mwendo wa saa. Ziwa lenyewe ni kazi ya ardhi hiyo: kingo za mkono wa magharibi ziliinuka, mito iliyokuwa ikitiririka kwenda magharibi, kama Kagera na Katonga, ikageuzwa kurudi mashariki, maji yakajaa kwenye bakuli lililobaki. Matetemeko makubwa hutokea pembezoni mwa bamba hilo, na Kagera iko karibu na ukingo wake wa magharibi. Tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005 likaja lingine la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. Sisi tuko katikati, juu ya sehemu kongwe na baridi, na mwamba kongwe na baridi una sifa ninayoipenda: unapitisha mitikisiko mbali bila kuinyonya sana. Tunapata machache ya kwetu, lakini tunasikia vizuri ya jirani.

Sasa kifaa. Wazo lake ni moja tangu enzi za zamani: ning'iniza kitu kizito, ardhi ikitikisika kitu hicho kitachelewa kuifuata, nawe upime tofauti kati ya kinachotikisika na kilichochelewa. Shida ni kwamba mawimbi yanayotoka mbali huenda polepole sana. Moja linaweza kuchukua sekunde 20 kupanda na kushuka. Ili uzito uchelewe mbele ya wimbi la namna hiyo, mbembeo wake wenyewe lazima uwe mrefu vilevile. Chukua timazi ya fundi mwashi: ukitaka ibembee kwa sekunde 20, kamba yake iwe na urefu wa karibu mita 99. Kwa sekunde 15 tu utahitaji mita 56. Hakuna paa la nyumba litakalokuruhusu.

Ufumbuzi wake ni mzuri kiasi kwamba kila nikiufundisha nafurahi upya. Fikiria mlango uliofungwa kwenye fremu iliyoinama kidogo. Ukiusukuma unarudi wenyewe mahali pale pale, taratibu. Fremu ikiinama sana unarudi kwa kasi. Ikikaribia kusimama wima kabisa unarudi kwa uvivu mkubwa. Pendulamu ya mlalo ni hivyo hivyo: mkono mmoja wa chuma unaolala, nyuma umeegemea mlingoti, mbele umebeba uzito na kushikiliwa na waya unaopanda hadi juu ya mlingoti. Mkono wa sentimita 60, mlingoti ukiinama kwa nyuzi 0.6 tu, unakupa mbembeo wa sekunde 15. Ukipunguza mwinamo hadi kama nyuzi 0.35 unapata sekunde 20. Zile mita 99 zimekaa juu ya meza.

Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuwa na pendulamu za aina hii Potsdam na Wilhelmshaven, akipima jinsi mvuto wa mwezi unavyoinamisha ardhi. Mwezi Aprili 1889 karatasi zake ziliandika mtikisiko asioutegemea, na baadaye akaoanisha saa yake na ya tetemeko lililotokea Japani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tetemeko kutambuliwa kutoka upande mwingine wa dunia. Miaka 90 baadaye, Julai 1979, jarida la Scientific American lilichapisha muundo wa James Lehman wa Marekani, ambao mtu yeyote mwenye karakana ndogo angeweza kuujenga. Maelfu ya kilomita kutoka kwake, kifaa changu ni mtoto wa muundo huo.

Kitako na mlingoti vilichomelewa na fundi wa mageti. Skwea paipu ya inchi mbili, kitako cha pembetatu, bolti tatu za kusimamia. Aliniuliza, "Mwalimu, geti gani hili halina komeo?" Nilipomweleza akaacha mashine, akachukua pimamaji yake na kuanza kukagua mlingoti upya, bila kuambiwa. Huyu ndiye mtu wa kufanya naye kazi. Alitaka kujua mwinamo ule nitaupataje ikiwa yeye ameusimamisha wima kabisa, nikamwonyesha bolti ya nyuma: hiyo ndiyo ya kuongeza na kupunguza mwinamo, na hizo mbili za mbele ni za kuuweka mkono katikati.

Chuma kiishie hapo kwenye kitako na mlingoti. Mkono wenyewe usiwe wa chuma cha kushikwa na sumaku, kwa sababu sumaku zitakuwa karibu nao. Antena ya zamani ya televisheni, ile ndefu ya paa, ina bomba zuri la alumini, jepesi na lililonyooka. Kwa uzito natumia koki mbovu za shaba kutoka kwa wauza vyuma chakavu, kilo mbili na kitu, zimefungwa kwa nguvu zisicheze. Wapo wanaoyeyusha risasi ya betri za gari. Mimi nawasihi msifanye hivyo. Moshi wake ni sumu, na nyumbani kuna watoto.

Mahali pa kutumia muda wako mwingi ni pale mkono unapoegemea mlingoti. Egemeo likiwa na msuguano hata kidogo, mkono hautarudi katikati. Utakwama popote ulipoachwa na mitikisiko midogo haitausogeza kabisa. Watu wengi huanza na ncha ya bolti iliyochongwa. Inafanya kazi kwa muda, kisha ncha inajichimbia kishimo na kukwama. Ninachokipendekeza ni gololi. Vunja beringi mbovu ya pikipiki, toa gololi moja, isafishe grisi yote kwa petroli, uiweke ibanwe kati ya nyuso mbili bapa za chuma kigumu: moja imebandikwa kwenye mlingoti, nyingine kwenye kisigino cha mkono. Gololi haisuguani, inabingirika. Nyuso hizo zipigwe msasa wa maji mpaka ujione usoni. Alama moja ya msumeno ambayo jicho haliioni inatosha kuushika mkono. Kidole chako kina mafuta, kwa hiyo baada ya kusafisha shika kwa kitambaa.

Sasa tazama unachokuwa nacho. Kwenye mbembeo wa sekunde 20, bolti mbili za mbele zikiwa zimeachana sentimita 40, chukua karatasi ya daftari, unene wa sehemu ya kumi ya milimita, uipenyeze chini ya bolti moja. Ncha ya mkono itasogea karibu sentimita mbili na nusu. Huwaonyesha wanafunzi jambo hilo kabla ya kuwaonyesha tetemeko lolote, maana hapo ndipo wanaponyamaza na kuanza kusogea nyuma ya kifaa kwa kunyata. Usikivu tumeshaupata, kwa koki mbovu na antena. Ndiyo maana nilisema ni rahisi. Na hapo hapo umepata tatizo, kwa sababu kifaa kinachoona karatasi moja kinaona pia jua likipasha ukuta, mvua ikilowesha bustani, na mtu mzima akihama kutoka kiti kimoja kwenda kingine.

Lakini kwanza breki. Mkono usio na breki ukigongwa na wimbi moja utabembea dakika nyingi na kufunika kila kinachofuata. Emil Wiechert, mtaalamu wa matetemeko wa Göttingen, Ujerumani, alilitatua hilo kwenye vifaa vyake mwishoni mwa karne ya 19 kwa kutumia hewa. Wengine hutumia kopo la oili ya injini na kipande cha bati kinachozama ndani yake. Hapa kwetu oili hiyo huwa nyepesi mchana na nzito alfajiri, na breki inabadilika nayo. Bora sumaku. Kata bamba la shaba la milimita tatu au zaidi, lifunge kwenye mkono, lipite kati ya sumaku mbili zenye nguvu zinazotazamana. Shaba haivutwi na sumaku, lakini ikisogea ndani ya uwanja wake huzaliwa umeme unaozunguka ndani ya bamba lenyewe, na umeme huo hupinga mwendo. Hakuna kinachogusana. Sumaku zilizo ndani ya diski za kuhifadhia data (hard disk) za kompyuta zilizokufa zinafaa sana, ila ziangalie: mbili zikirukiana na kidole kikiwa katikati utaumia kweli.

Kipimo cha breki ni cha macho. Usogeze mkono kidogo, uuachie. Urudi, upitilize katikati mara moja kwa kiasi kidogo sana, utulie. Ukipitiliza mara tatu au nne, sogeza sumaku zikaribiane zaidi. Ukijikokota kurudi bila kupitiliza kabisa, zitenganishe.

Kinachopima mwendo ni koili, yaani waya uliosukwa mizunguko mingi; nayo inakaa kwenye mkono, kati ya jozi nyingine ya sumaku. Mkono ukisogea, koili inazalisha umeme; kadiri unavyosogea kwa kasi ndivyo umeme unavyozidi. Boris Galitzin, Mrusi, ndiye aliyeingiza mbinu hii kwenye fani mwanzoni mwa karne ya 20. Yangu ilisukwa na kijana anayesuka mota za pampu na feni mjini. Waya mwembamba wa sehemu ya kumi ya milimita, mizunguko elfu kadhaa, kazi ambayo kwangu mimi ingekuwa mateso na kwake ilikuwa asubuhi moja. Nyaya za kutoa umeme kwenye koili ziwe nyembamba kama unywele na zipite karibu na egemeo, zisije zikawa springi ya kuuvuta mkono.

Upande wa elektroniki nitaupita haraka, maana siku hizi ndio mwepesi. Umeme unaotoka ni mdogo mno, kwa hiyo unahitaji kukuzwa na kugeuzwa tarakimu. Kuna chipu ya bei nafuu iitwayo HX711, ya biti 24, inayotengenezwa kwa ajili ya mizani za kidijitali. Inakuza mara 128 na kusoma mara 10 au 80 kwa sekunde, na inatutosha. Isomwe na kompyuta ndogo ya bodi moja kama Arduino au Raspberry Pi, tarakimu zihifadhiwe, zichorwe kwa ObsPy, programu ya bure ya kuchambua matetemeko. Usisahau saa. Wimbi la kwanza la tetemeko hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde ndani ya graniti. Saa yako ikiwa mbele sekunde moja, umeshapotea kilomita 6. Moduli ndogo ya GPS inakupa mpigo mmoja sahihi kila sekunde. Na kwa kuwa umeme hukatika, weka betri na sola tangu siku ya kwanza.

Turudi kwenye utulivu.

Jambo la kwanza ni kulijua jabali lako. Majabali mengi ya Mwanza yamepangana juu kwa juu, na lile la juu, hata liwe kubwa kama nyumba, halijashikamana na ardhi. Linacheza. Upepo unalitikisa, jua linalisogeza. Tafuta mwamba unaotoka ardhini wenyewe, usio na mstari wa kuachana chini yake. Ufagie, uuoshe, utoboe matundu machache ya kushikia nondo fupi, umwage kinguzo cha zege juu yake chenye upana wa kutosha bolti tatu. Kinguzo kisigusane na sakafu ya nyumba. Acha mwanya wa vidole viwili kuzunguka, ili mtu akitembea chumbani uzito wake ubaki kwenye sakafu.

Jambo la pili ni hewa. Ndani ya boksi lililofunikwa bado hewa hutembea: ya chini ikipata joto hupanda, ya juu iliyopoa hushuka, na mkono wetu unayumbishwa na kijiupepo ambacho hakizimi mshumaa. Funika kwa deli kuukuu la samaki, lile lenye kuta nene za kuzuia joto, uligeuze juu chini na uzibe ukingo wake kwa godoro jembamba. Kisha fanya jambo ambalo mwanzoni linashangaza: weka chanzo kidogo cha joto juu kabisa, ndani ya boksi. Mimi natumia rezista ndogo. Hewa ya juu ikiwa na joto kuliko ya chini haina sababu ya kushuka, na yote inasimama kimya. Mstari kwenye kompyuta uliokuwa ukipanda na kushuka bila kutulia, unanyooka.

Jambo la tatu ni viumbe. Buibui akifunga uzi mmoja kati ya mkono na kitako, umepata springi usiyoihesabu, na utaiona kwenye mchoro kabla hujaiona kwa macho: mbembeo unakuwa mfupi ghafla. Mjusi akiingia anakaa pale penye joto. Ziba kila tundu, hata la kupitishia waya.

Ukishamaliza hayo ndipo unapoanza kusikia mahali unapoishi. Mchana kwenye mchoro umenona: fuso zinazopanda mlima na gia nzito, bodaboda, wanaogonga kokoto, sabufa za jirani siku ya sherehe. Saa nane usiku yote yanapungua na mstari unakuwa mwembamba. Alasiri upepo wa ziwani ukikaza, unaweza kuona mtikisiko mdogo wa karibu sekunde moja moja. Ni mawimbi ya ziwa yakiisukuma ardhi, jambo lililopimwa pia kwenye maziwa mengine makubwa duniani. Na chini ya yote hayo, usiku na mchana, kuna kupanda na kushuka kwa taratibu kwa sekunde kati ya 5 na 8, kusikokoma. Huo ni mchango wa bahari. Tuko zaidi ya kilomita 700 kutoka pwani, na mawimbi ya bahari yakikutana na kupigana yanasukuma sakafu yake, na msukumo huo unasafiri ndani ya bara mpaka Mabatini. Juni hadi Agosti, bahari za kusini zikiwa kwenye dhoruba zake, mstari wangu hunenepa. Kwa mtu aliyekulia bara, kuishika bahari kwa koki mbovu na gololi ya pikipiki ni furaha ambayo bado sijaizoea.

Nimeweka ukutani mchoro wa tarehe 6 Februari 2023. Uturuki wanatumia saa sawa na yetu, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini mwa nchi hiyo saa 10:17 alfajiri, umbali wa zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapa. Mstari ulikuwa mwembamba, wa alfajiri, hadi kama saa 10:25. Kisha pakatokea mkwaruzo mdogo, kama mtu aliyeanza kuandika akasita. Hilo ni wimbi la kwanza, lile la kusukuma, lililopita ndani kabisa ya dunia. Dakika kama 6 baadaye likafika la pili, la kutikisa kando, na mchoro ukapanuka. Halafu karibu dakika 20 tangu tetemeko lenyewe, yakaja mawimbi ya juu ya ardhi, makubwa, ya taratibu, ya sekunde 20 na zaidi, moja baada ya jingine kwa muda mrefu. Mtu aliyelala Mwanza hakuhisi chochote. Ardhi iliyokuwa chini ya kitanda chake ilisogea huku na huko, kwa upole kiasi kwamba maji ya glasi hayakutikisika. Siku hiyo hiyo saa 7:24 mchana likapiga la pili, la 7.5, na ingawa mji ulikuwa kwenye kelele zake zote lilionekana wazi, kwa kuwa fuso hutikisa mara nyingi kwa sekunde na wimbi lile hutikisa mara moja kwa sekunde nyingi. Kichujio cha programu kinayatenganisha bila taabu.

Zaidi ya watu 50,000 walikufa katika matetemeko yale. Nilipowaonyesha wanafunzi mchoro ule tulisimama kwanza kwa ajili yao, kisha tukasoma. Sipendi mchoro wa namna hiyo ushangiliwe.

Kwa matetemeko ya karibu hesabu ni ya darasa la kidato cha pili. Tafuta sekunde kati ya wimbi la kwanza na la pili, zidisha kwa 8, unapata umbali kwa kilomita. Kama lile la Kagera lingetukuta na kifaa, tofauti ingekuwa kama sekunde 27. Kipimo hicho hakikwambii upande. Kituo kimoja kinakupa duara kwenye ramani, na kitovu kiko popote juu ya duara hilo. Vituo viwili vinakupa sehemu mbili. Cha tatu ndicho kinachomaliza ubishi.

Na hapa ndipo ninapohitaji watu. Mwanza, Musoma na Bukoba zimelizunguka ziwa kwa namna nzuri mno kwa kazi hii, na Ukerewe imekaa katikati ya maji, mbali na barabara kubwa. Bukoba mawe yao ni ya mchanga, si graniti, lakini wako karibu zaidi na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, kwa hiyo kituo cha pale kingenasa matetemeko madogo ambayo mimi sitayaona. Kila kituo kinahitaji mikono miwili ya mlalo, mmoja ukielekea kaskazini na mwingine mashariki, maana mkono mmoja unaona mtikisiko wa upande mmoja tu. Kifaa cha kupima mtikisiko wa wima, wa juu na chini, kinaweza kuja baadaye. Ted Channel wa Idaho, Marekani, ana muundo mwepesi wa springi ya kuchezea ya Slinky, sumaku na kipande cha bomba la shaba, na springi inayovutika sentimita 25 kwa uzito wake inabembea kwa sekunde moja, inatosha kwa matetemeko ya karibu.

Walimu wa fizikia, mafundi wa redio, vijana wa vyuo: fundi wangu wa mageti ameshaweka vipimo vya kitako kwenye daftari lake na yuko tayari kuchomelea vingine. Waya upo, gololi zipo kwa kila fundi pikipiki. Anayeishi Ukerewe, Musoma au Bukoba na ana mwamba unaotoka ardhini, mbali na barabara na mashine ya kusaga, aanze na kuufagia na kumwaga kinguzo, kwa sababu zege linahitaji wiki kadhaa kukauka na kutulia kabla ya kubeba kifaa.